Nilimfanya Mke wa Shemeji Yangu Ang'oe Roketi Yake

Nilikosa mimi. Sio shetani, sio majirani, sio joto la Kisumu. Mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, niliua bustani ya mwanamke aliyenipenda, kwa sababu ya majani! Majani, jameni, ambayo yakiiva hayajazi hata sufuria!

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Nyamasaria wananitania kwamba mimi ni askari wa pazia, na siwezi kukataa. Pazia langu la jikoni limechakaa upande mmoja tu, pale ninaposhika nikichungulia. Na ng'ambo ya pazia ilikuwa bustani ya Achieng'.

Achieng' ameolewa na mdogo wa mume wangu. Baba mkwe alinunua ploti moja, wanawe wawili wakajenga humo, nyumba zikitazamana. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka. Mimi ndiye mkubwa. Hilo neno "mkubwa" ndilo lililonilevya.

Siku moja Achieng' akaleta mbegu za roketi, ile mboga ya saladi ya mahotelini. Nilimcheka. "Nyieka, unapanda vumbi?"

Naye akacheka. Akazichanganya na mchanga, akachora mstari na kijiti, akanyunyiza, akafunika kidogo tu kama mtu anayetia chumvi. Maji akamwagia kwa chupa aliyotoboa kifuniko. Juu akatandika neti kuukuu ya mbu, kuzuia jua na wadudu. Kabla wiki haijaisha, kijani kibichi!

Hapo ningevumilia. Lakini jioni moja akatuletea bakuli. Mume wangu, mtu ambaye amekula osuga yangu, mnavu wa kwetu, miaka yote bila kusema hata "imeiva", akatafuna yale majani na omena, dagaa wetu wa ziwani, akafumba macho.

"Hii ina kapilipili," akasema. "Hebu muulize Achieng' anafanyaje."

Nimuulize Achieng'! Wololo! Nilitafuna yangu nikijiambia ni chungu. Haikuwa chungu. Ilikuwa tamu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Halafu mpishi wa hoteli moja kando ya ziwa akaanza kumtuma mtu wa boda kuchukua majani. Honi ikilia langoni, ni ya Achieng'. Mimi nimewahi kupigiwa honi nikiwa nimesimama barabarani vibaya tu. Mpishi akataka zaidi. Achieng' akaliacha tuta la kwanza litoe mbegu, akachimba la pili, refu. Alikuwa ameshaniambia, macho yakimng'aa, kwamba tuta hilo ndilo litakalomfungulia kibanda chake mwenyewe cha mboga.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Miche yake ilikuwa na majani mawili mawili. Nikajifunga leso vizuri, nikavuka ua.

"Nyieka, umepanda kabla yangu?"

"Nimepanda nini, nyieka?"

"Hii. Msimu umefunguka, mkubwa hajagusa udongo, wewe umeshatangulia. Unajua kwetu hiyo inaitwaje."

Alijua. Nyumbani kijijini, mke mkubwa ndiye hutia mbegu ardhini kwanza, wadogo wakafuata. Ukiruka zamu, watu husema chira, ile laana, itakujia kupitia watoto. Na mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni, anakohoa. Nilimtazama yule mtoto. Nilimkazia macho. Mungu nisamehe, nilijua ninachofanya!

"Lakini ni saladi tu," akasema, sauti ikiisha.

"Chira haichagui mboga."

Aling'oa yote mwenyewe. Miche, na hata tuta la kwanza lenye viganda vya mbegu vilivyoanza kukauka. Mimi, kwa huruma yangu kubwa, nikamsaidia kubeba hadi jaani, nyuma ya jiko langu. Akanipa mbegu zilizobaki, zimefungwa kwenye karatasi. "Basi panda, nyieka. Zikiota, nitakufuata."

Nikapanda, mkubwa! Nilitoboa mashimo kwa kidole kizima, kama napanda maharagwe. Nikashindilia. Nikamwaga juu mbolea mbichi ya kuku. Kila asubuhi Achieng' aliniuliza kutoka ng'ambo, "Zimetoka?"

"Bado."

Mtu wa boda akaja, akarudi mikono mitupu. Akaja tena. Kisha honi ikanyamaza kabisa. Niseme ukweli? Nilifurahia ule ukimya.

Mama mkwe akatutembelea kutoka Usenge na omena yake. Akaona tuta tupu, akauliza. Achieng' akamweleza kwa adabu. Mama akanigeukia, akaniita binti wa kwetu nilikozaliwa.

"Nyar Alego, hiyo mila ni ya mahindi na mtama. Tangu lini mtu akamngoja mkubwa kwa mboga ya jikoni? Wewe osuga yako uliningoja mimi?"

Nilitamani kuzikwa palepale, kina kilekile nilichozizika zile mbegu.

Achieng' hakunitukana. Matusi ningeyaweza. Alimtoa tu mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akanipa kisogo, mtoto asionekane na macho yangu. Haikupita muda wakahamia nyumba ya kupanga Kondele. Huko ni saruji tupu, hata pa kupanda kitunguu hakuna.

Na sasa sikieni kichekesho. Mvua ilivyoendelea, jaani nyuma ya jiko langu pameota roketi! Imejaa, imenona, katikati ya majivu na maganda ya ndizi. Ni vile viganda nilivyobeba kwa mikono yangu. Hakuna aliyeipanda, si mkubwa si mdogo. Mume wangu huchuma jioni, hula, hasemi tena kwamba ina kapilipili. Nimemtumia Achieng' ujumbe kwamba mboga yake iko, aje achukue yote. Ameusoma. Hajajibu.

Wewe unayesoma haya ukiwa nyuma ya pazia lako, ukiona cha mwenzako kimeota, vuka ua ukaombe majani. Usiuvalishe wivu wako leso ya mila, na usimguse mtu kupitia mtoto wake! Mimi pazia bado nalishika palepale. Ng'ambo kuna kufuli.