Mama Wilibrodi na Karatasi ya Jirani

"Mtihani gani huu unaomwadhibu mtu kwa kumsaidia mwenzake?" Mama Wilibrodi alinifokea mbele ya ghala la kijiji, watu wote wakisikia. "Miaka miwili umenifundisha, binti Qamara, na hata siku moja hukuniambia. Una deni langu!"

"Deni gani? Nani alikutuma kuandika kwenye karatasi ya Germana?"

"Ningetumwa na nani? Kwani mtu akikwama wewe unamwacha?"

Nilishika kichwa. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kumtikisa mabega.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Cresensia, ila upande wetu wa Endamarariek aliyemwita hivyo ni padre tu. Alikuwa mkunga. Watoto wangu wawili aliwapokea yeye, na mara zote mbili alinigombeza kwamba nasukuma kama mtu anayeogopa kuvunja mlango.

Kilichomleta kwenye kisomo cha watu wazima ni Bernadina, mjamzito mmoja wa kijijini. Kadi ya kliniki ya Bernadina ilikuwa imeandikwa wazi kwamba asizalie nyumbani. Siku ya uchungu Mama Wilibrodi aliishika kadi ile, akaigeuza huku na huku, akairudisha mfukoni akikisia kwamba hakuna neno, kwa sababu hakujua imesema nini. Bernadina aliokolewa na trekta ya ngano iliyokuwa ikipita kuelekea hospitali. Mtoto hakupona. Wiki iliyofuata mama huyu mwenye mvi alikuja akakaa juu ya gunia darasani kwangu, akasema, "Nifundishe kusoma kadi. Hayo mengine ya kilimo bora nayajua kuliko wewe."

Na kweli alinishinda. Mimi nina darasa la nne la wamisheni, basi, nikafanywa mwalimu wa kujitolea. Kila Ijumaa nilitoa zoezi. Zoezi lile halikuwa la kumfaulisha mtu wala kumfelisha. Lilikuwa la kunionyesha wamekwama wapi, ili Jumatatu nirudi hapo hapo. Na waliandika kama wanavyopalilia. Kwetu mkialikana shambani, aliyemaliza mstari wake hasimami kando akijipepea. Anarudi kumpokea aliye nyuma, mpaka wote mtoke pamoja. Basi Mama Wilibrodi akimaliza zoezi lake, alihamia kwa Germana, jirani yake, ambaye herufi zilimtesa sana. Niliwaacha. Tena nilifurahi, mjinga mimi.

Ndipo ukaja mtihani wa taifa wa mwaka sabini na saba. Ule ulikuwa mambo mengine. Ulikuja kuwahesabu watu wazima nchi nzima, yupi yuko hatua ya kwanza ya kusoma, yupi ya pili, mpaka ya nne. Wakati huo huo zahanati ilikuwa imetangaza mafunzo ya wakunga wa vijiji, na sharti lilikuwa cheti cha hatua ya tatu. Mama Wilibrodi alikuwa ameiva. Alimaliza kabla ya wote. Kisha mchana kweupe, msimamizi kutoka wilayani akimwangalia, akamwambia Germana, "Sogea kidogo," akachukua penseli, akaanza kumjibia.

"Mama, unafanya nini?" msimamizi akauliza.

"Huoni? Amebaki nyuma."

Karatasi zote mbili zilipigwa mstari mwekundu, zikafutwa.

Sasa hapo ndipo aliponifokea. Mtihani mwingine hakuna aliyejua utakuja lini, na mafunzo yalikuwa yamebakiza wiki tatu yaanze. Kesho yake nilimburuta zahanati. Muuguzi pale alikuwa Nareyu, Mmasai wa Ngorongoro, mtu asiye na muda wa hadithi.

"Cheti kiko wapi?"

"Hakuna, dada, unajua ilikuwa hivi, tulipofika kwenye chumba cha..."

"Mwalimu, anayetaka mafunzo ni wewe au ni yeye? Nyamaza."

Alitoa kadi ya kliniki kwenye droo. "Soma, mama. Uniambie utafanya nini."

Mama Wilibrodi alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Mimba ya tano. Alitokwa na damu nyingi uzazi uliopita. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa sijui."

Neno lenyewe nililiona kutoka nilipokaa! Nilifungua mdomo, Nareyu akanitupia jicho, nikaufunga.

"Kisia," Nareyu akamwambia.

"Sikisii. Kadi moja nimeshaikisia, na nilizika mtoto. Huyu namleta kwako leo leo, wewe ndiye utakayeniambia hilo neno."

Nareyu alivuta daftari, akaandika jina lake. "Wanaokisia ndio wanaoniletea maiti. Njoo siku ya kwanza ya mafunzo, na blanketi lako."

"Na wilayani wakiuliza cheti?" Mdomo wangu haujui kupumzika.

"Waniulize mimi. Mtihani wao unahesabu wasomaji. Mimi natafuta mkunga."

Njiani nilitegemea asante. Nilikuwa nimeacha maharage yangu juani bila mtu wa kuyaangalia! Tulipokaribia kwake Mama Wilibrodi akasema, "Jambo langu mimi limetengenea. Germana je? Anadhani yeye ndiye aliyeniharibia. Deni lako bado lipo."

Nilikasirika siku tatu nzima. Nililalamika kwa mume wangu, akasema nile nilale. Lakini Ijumaa nilisimama mbele ya darasa, mikono imejaa chaki.

"Zoezi langu mnasaidiana, maana nataka kujua tumefika wapi wote. Mtihani wa taifa unamtafuta mtu mmoja mmoja. Hapo hata jirani akilia, angalia karatasi yako. Nilipaswa kuwaambia mapema na sikuwaambia. Kosa ni langu. Si la Germana, wala si la Mama Wilibrodi."

Germana aliinua uso kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Haya, limelipwa," Mama Wilibrodi akasema kutoka kwenye gunia lake. "Sasa andika hilo zoezi, jua linazama."