Jino langu limezibwa kwa muda tu

Leo mama ameulizia kung'oa jino langu la mbele, na mimi nimesimama hapohapo.

Tulikuwa tumetoka kwa daktari. Alilisafisha, akaliziba kwa dawa ya muda ya kulilinda, akasema nirudi baada ya wiki mbili nizibwe moja kwa moja.

Mama akalipa kaunta, akashukuru sana. Alijua tumemaliza.

Dada wa kaunta akamwambia taratibu, "Mama, hii ni ya leo. Ile ya kudumu ina bili yake."

"Kwani jino si hilohilo?"

"Ni hilohilo mama, ila kazi ni mbili."

Mama anauza ndizi sokoni Tengeru. Akauliza, "Na kung'oa?"

"Kung'oa mnalipa mara moja. Lakini mama, la mbele? Binti mdogo hivi?"

Wote wakanigeukia. Jamani, mimi hata darasani nikiulizwa swali natetemeka.

Nikasema, "Sawa tu, mama."

Kwa nini nimesema vile?

Akanishika bega. "Asante mwanangu."

Sasa hivi yuko uani anapanga ndizi za kesho. Niambieni, naanzaje kumwambia kwamba jino langu nalitaka?