Gitaa la Siku ya Kutoka Jandoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba nyuzi za gitaa lile zimekaa juu mno. Nikachukua tupa, nikakisugua kile kijiti cha tumboni kinachozinyanyua, nikasugua na kusugua, mpaka nyuzi zikalalia shingo na kulia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe.

Wenzangu mliokulia Nambambo wakati matrekta ya mradi wa karanga yakinguruma porini mtakumbuka jinsi tulivyokuwa hatutupi kitu. Waya wa breki ya baiskeli ukikatika, tuliufumua ukatupatia nyuzi nyembamba za gitaa, na vidole vyetu vilinuka kutu hata wakati wa kula. Watoto wa sasa wamekuta gramafoni dukani. Kazi yao ni kugeuza sahani na kulalamika kwamba sindano imechakaa.

Gitaa lenyewe alilileta baba mdogo, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka grisi matrekta hayo. Lilikuwa la bei rahisi, tumbo limepasuka, na hakuna aliyejua kunifundisha. Ufa niliuziba kwa gundi ya seremala na kitambaa cha kanzu kuukuu ya babu. Badala ya kijiti nilichokiharibu nikachonga kingine kwa mfupa wa mbuzi. Mama alikuwa ameniahidi, "Mdogo wako akitoka jandoni, utampigia wewe." Kiangazi chote sikuwaza jambo jingine. Nilikula ugali wa mtama na kisamvu huku tupa iko mapajani. Uzi mmoja ukikaa sawa, mwingine uliniudhi. Nikaulegeza, nikaukaza, nikaanza upya. Baba alipita akasema, "Mwanangu, jembe hunolewa ili lilime." Nilimwona haelewi muziki.

Siku ikafika. Vijana wakaletwa kutoka jandoni wamepakwa mafuta, wamevishwa nguo mpya, mdogo wangu yuko juu ya mabega ya mjomba, vigelegele vimetanda. Mimi bado niko nyuma ya nyumba, nahangaika na uzi wa tatu. Ndipo akatokea Rashidi, mtoto wa shangazi yangu, kutoka Mkotokuyana.

"Mtani, gitaa hilo unalitengeneza au na lenyewe unalitahiri? Kila nikija nakukuta unalikata."

"Halijakaa sawa."

"Na wewe utakaa sawa lini? Lete."

Akalitoa mikononi mwangu. Akavunja njiti ya kiberiti, akaichomeka chini ya ule mfupa, akazungusha vigingi viwili vya kukazia nyuzi, akaondoka huku anapiga. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Hata akikamata kuku wako, unacheka. Nilipomfuata uwanjani, mama aliuona uso wangu akaninong'oneza, "Cheka, watu wanakutazama." Nikacheka.

Vumbi lilipanda. Mabibi waliokuwa wakilalamikia magoti yao asubuhi ile walicheza kuliko wasichana. Mimi nilisikiliza uzi wa tatu tu. Sauti yake ilikuwa chini kidogo, naisikia wazi, nikawa natazama nyuso za watu nikitafuta hata mmoja aliyekunja uso. Sikumpata. Mdogo wangu alipoteremshwa, alikwenda moja kwa moja kusimama na Rashidi, akaweka kiganja juu ya tumbo la gitaa, pale pale kwenye kitambaa cha babu, ausikie mtetemo. Alinipita bila kuniona.

Namwonea wivu Rashidi mpaka leo, na sioni haya kulisema. Vidole vyake si hodari kuliko vyangu. Ninachomwonea wivu ni ule uwezo wa kuondoka na kitu kabla hakijakamilika, na watu wakakipenda.

Matrekta yameondoka, pori limeanza kurudi palipolimwa. Siku zile gitaa moja bovu liliwatoa watu wote majumbani. Siku hizi wanakaa kulizunguka sanduku la gramafoni, mikono mapajani, kama wagonjwa wanaongoja dawa. Magitaa yaliyopasuka huletwa kwangu, mengine kutoka Ruangwa na Namungo. Nayatengeneza, nyuzi zinakaa sawasawa, wenyewe wanakuja kuyachukua. Juzi mdogo wangu ameoa. Aliyepiga harusini ni Rashidi, kwa gitaa nililomtengenezea mimi.