Nakala Iliyofichwa Chini ya Ngazi

Kazini walimwita Bi Tukiungua. Kila kikao kilipokaribia kwisha, wenzake wakianza kukusanya simu zao, yeye ndiye aliyeinua mkono: "Na tukiungua je?" Wakicheka, aliwaacha wacheke, kisha akauliza tena.

Alikuwa mtunza seva wa kampuni ya miwani. Ndani ya mtambo ule, ulionguruma mchana kutwa ghorofa ya tatu, mlihifadhiwa vipimo vya macho ya kila mteja aliyewahi kupimwa katika matawi yao yote. Baada ya kusumbuliwa sana, bosi alikubali nakala ya akiba iwekwe upande wa pili wa mji, ili ofisi ikiteketea, kazi isisimame. Kazi hiyo akampa shemeji yake Bi Tukiungua, mdogo wa mumewe, kijana mcheshi mwenye biashara yake ndogo ya kompyuta. Bosi alidhani anamfurahisha. Kumbe alimtia mtegoni, maana ukimkagua ndugu huonekana unamtukana.

Basi siku moja mafundi wakazima umeme wa jengo zima ili wabadilishe nyaya. Bi Tukiungua akaona ndio wasaa wa kujaribu ile nakala ya mbali. Akaunganisha kompyuta yake ndogo na simu, akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya kile kile. Akampigia shemeji yake.

"Shemeji, huko kwenye mtambo wenu umeme upo?"

"Upo, shemeji, taa zinawaka!"

Mchana mafundi wakarudisha umeme. Seva ya juu ikaamka, na nakala ya upande wa pili wa mji ikaamka papo hapo, kama mapacha walioshtuliwa na sauti moja. Moyo ukamwambia: hapa pana namna.

Jioni alimweleza mumewe, aliyekuwa akisugua sufuria.

"Mama watoto, ndugu yangu si mwizi."

"Sijasema ni mwizi."

"Hujasema, lakini umeshamhukumu." Akarudi kwenye sufuria yake, akaisugua mpaka ikalia.

Kesho yake Bi Tukiungua akamwomba shemeji amwonyeshe chumba chenye ile nakala. Akajibiwa kwamba mwenzake wa kazi kasafiri na funguo. Alipoomba tena, akaambiwa wanapaka rangi. Kisha eti barabara imechimbwa mitaro, gari halipiti. Njia ya mwongo ni fupi. Bi Tukiungua akaifuata kwa miguu. Mitaro hakuiona. Katika chumba alichoelekezwa siku za mwanzo, alimkuta dobi akipiga pasi mashati.

"Yule kijana wa kompyuta? Alihama zamani, mwenye nyumba alikitaka chumba chake."

Akarudi ofisini akikumbuka ile mitambo miwili ilivyoamka pamoja. Hakupanda juu. Alimtafuta mtunza jengo, akamuuliza ni nani waliopanga vyumba vya chini hivi karibuni.

"Si shemeji yako, mama? Kachukua kile kistoo chini ya ngazi, jirani na pampu ya maji. Mimi nikajua mmekubaliana."

Mlango ulipofunguliwa, aliukuta mtambo umeketi juu ya matofali, ukipepewa na feni ndogo ya mezani. Juu yake lilipita bomba lililofungwa mpira, likitoa jasho.

Shemeji alifika akihema. Alipoona mlango uko wazi, akaegemea ukuta.

"Ningekwambia, shemeji."

"Lini?"

"Nikipata pengine. Kule walinitoa, nikaogopa kupoteza kazi. Lakini nakala zako zipo zote, naapa."

Akakagua. Kweli, zilikuwepo, hakuna iliyopungua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba kijana alikuwa mwaminifu kwa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichoajiriwa kwacho.

"Jengo likiwaka moto, itapona ipi?"

Kijana akalitazama lile bomba. "Usimwambie bosi. Nipe wiki tu."

Bi Tukiungua alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani. Alimfikiria mumewe na sufuria yake. Kisha akainuka, akapanda mpaka ghorofa ya tatu, akamwambia bosi.

Mkataba ukavunjwa. Nakala ikahamishiwa tawi la mji mwingine, na kila mwezi Bi Tukiungua huvuta kutoka kule vipimo vya mteja yeyote, akavilinganisha na vya hapa. Mama mkwe alimfuata hadi mlangoni: "Umemkatia mwanangu riziki kwa moto ambao haujawaka!" Na kweli moto haukuwaka, hadi leo jengo limesimama. Mumewe alikaa muda mrefu akimwambia ya lazima tu. Shemeji alipata kazi kwa fundi simu. Bi Tukiungua akimsalimu hujibu "salama", neno shemeji amelimeza.

Mwaka uliofuata mama mkwe alikuja bila taarifa, ana simu kuukuu ameiviringisha kwenye leso.

"Humu mna sauti ya marehemu baba yenu, anawaimbia wajukuu. Mwanangu mdogo kachukua nakala, anasema ataitunza. Na wewe niwekee, mahali pengine."

"Kwani humwamini, mama?"

"Namwamini," mama mkwe akasema, macho yake yakitazama dirishani. "Wewe niwekee tu."