Tawi la Mkrismasi Ndani ya Eda

Nimekaa eda ya mume wangu huku nina maua sebuleni. Nalisema mapema, anayetaka kununa anune sasa hivi.

Mume wangu alifariki vuli ilipoanza. Alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, na ukoo wake ni Waarabu wa siku nyingi hapa mjini, watu wa dukani tangu babu. Mimi ni mtoto wa mkaanga samaki wa soko la Feri, na wifi yangu, dada yake mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufa, hakuniacha nisahau. Msiba ulipoingia alishika nyumba yangu kama yake. Akafunika kioo cha kabati. Akanipangia nani aingie chumbani kwangu na nani asiingie. Akagawa kanzu na kofia za marehemu. Kanzu sikugombana naye, sadaka ni sadaka. Nilizinusa moja moja kabla hazijatoka, nikamwachia.

Kilichobaki kwangu kilikuwa kitu kimoja. Kila mwaka ikifika Novemba, ile miti ya mikrismasi ya Upanga ikishachanua maua yake mekundu, sebuleni kwetu lilisimama tawi zima, refu kama mimi, ndani ya ndoo tupu ya rangi iliyosuguliwa ikatakata. Si ua moja kwenye glasi. Tawi. Linapukutisha maua sakafuni kutwa, unafagia asubuhi, mchana unafagia tena. Linanyauka baada ya siku nne, wiki inayofuata linakuja jingine, mpaka msimu uishe. Miaka ishirini na sita tuliishi hivyo.

Wifi akija akilikuta anabetua midomo. Jina la mti lenyewe lilimkera, eti nyumba ya Waislamu inaingizwa mkrismasi. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa tabia yangu: mpenda mapambo, mtoto wa Feri anayejifanya wa ikulu. Mimi nilicheka tu, nikamtengea chai. Mume wangu alikuwa anainamia kahawa yake kama hasikii.

Novemba hii ilinikuta ndani ya eda, siruhusiwi kutoka bila dharura. Nikamwomba binti yangu, ambaye anafanya kazi Upanga, aniletee tawi. Alikuja nalo kwenye bajaji, nusu ndani nusu nje, dereva analalamika njia nzima. Tukalisimamisha ndooni. Usiku ule nilipata usingizi wa kwanza wa maana tangu nifiwe.

Asubuhi wifi akalikuta. Hakuniuliza. Alilibeba mwenyewe, na umri wake ule, akalitupa nje barabarani, pikipiki za mizigo zikalikanyaga. Akaniambia nyumba ya msiba si ukumbi wa harusi, na mjane hapambi. Kila kitu cha marehemu kilikuwa kimeshatoka mlangoni na sikusema neno, lakini hili hapana. Nilimpigia binti yangu nikamwambia alete jingine, kubwa kuliko lile, na alilete siku ya arobaini.

Na asije mtu akanifundisha eda. Nimesoma chuo cha Kurani kama wifi alivyosoma. Mjane hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, haweki asumini kichwani. Sikufanya hata kimoja. Mkrismasi hauna hata harufu, na mimi sikuuvaa. Haya mengine, ya kufunika vioo na kukataza maua, ni watu wametunga, halafu wanamsingizia Mungu.

Siku ya arobaini wanawake walikuja kumsomea marehemu hitma, sebule ikajaa. Wifi akaingia, akaliona tawi, akasimama. Mbele ya wote akamwamuru binti yangu alitoe. Binti akanitazama.

"Likae," nikasema. "Eda nimekaa mimi. Ndoo haijafiwa."

Kuna mwanamke alikohoa kuficha kicheko. Wifi akapandwa na hasira. Akasema maua yangu ndiyo yaliyomtia mdogo wake aibu miaka yote, mtu na heshima zake anakaa kwenye nyumba iliyopambwa kama kibanda cha ngoma, na hata kufa kwake sijakuonea haya.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nimenyamaza miaka ishirini na sita, kwa sababu niliahidi. Yale maua hayakuwa yangu. Mwanzoni hata sikuyapenda, niliona yananiongezea kufagia. Yalikuwa yake. Ni yeye aliyekuwa anafunga duka Jumapili mchana, anaenda Upanga kwa mlinzi mmoja waliyezoeana, anakata tawi kwa mkono wake, analiviringisha kwenye mkeka na kukatiza mitaa ya Kariakoo kama mtu aliyetoka kununua mkeka. Nyumbani anaingilia mlango wa uani. Mara ya kwanza tulikuwa na wiki tatu za ndoa. Alisimama nalo jikoni, jasho linamtoka, akaniambia, "Wakiuliza, sema maua ni yako." Mwanamume wa duka, tena wa ukoo ule, anakata maua? Wangemcheka mpaka kaburini. Basi nikasema ni yangu. Nikaitwa mpenda mapambo, nikaitikia.

Siku ile nikaivunja ahadi, na sijutii.

"Mimi sijawahi kukata ua hata moja," nikamwambia wifi, wote wanasikia. "Ni mdogo wako. Kila mwaka, mpaka mwaka jana."

Nilidhani atanibishia. Kusema kweli nilikuwa na hamu anibishie, nilikuwa na mengi ya kumwambia. Badala yake aligeuka akaliangalia lile tawi kuanzia ndooni mpaka juu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo, wala sikuizoea.

"Yule nimemlea mimi. Mbona mimi hakuniletea hata kijiti?"

Ningeweza kumpoza. Ningesema mdogo wako alikuheshimu mno, hakutaka kukusumbua. Wanawake pale walikuwa wananiangalia niseme hivyo, na wengine wakanikonyeza kabisa. Thubutu. Amegawa kanzu za mume wangu, ametupa tawi lake barabarani, basi na ukweli wake aupate.

"Alikuwa anakuogopa," nikamwambia.

Alikaa chini palepale zuliani, kando ya ndoo. Wenye juzuu za Kurani wakaendelea kusoma. Maua yalikuwa yanamdondokea kwenye ushungi, moja moja, na hakuyapangusa.