Nilikata majina mawili, kwenye kioo nikakuta moja

Mnaoendesha ukurasa huu, naomba msinitaje. Rumonge ni mji mdogo, na jina langu limeshatolewa mara moja. Inatosha.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, kwetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea. Nilikuja hapa miaka saba iliyopita, nikaanza kwa kubeba madumu ya mawese sokoni mpaka mgongo ukakataa. Ndipo fundi mmoja, ambaye sasa amehama, akanichukua nimsaidie kubandika maandishi ya stika kwenye vioo vya maduka.

Kazi yenyewe iko hivi. Ukibandika herufi kwa nje, mvua na vumbi la barabara vinazila, na watu wanaosubiri gari la Bujumbura wanazikwangua kwa kucha huku wanapiga stori. Kwa hiyo tunabandika kwa ndani ya kioo, mtu asome akiwa nje. Maana yake kila herufi lazima ikatwe kinyume, na neno lianzie kulia. Waliosoma linawachanganya. Mimi halikunisumbua, kwa sababu herufi nyingi nilizijulia hapo hapo, kwa kuzikata, zikiwa zimegeuka. Mpaka leo neno lililogeuka nalisoma upesi kuliko lililonyooka.

Kwenye kazi hiyo nikapata rafiki, kijana wa hapa. Nimwite Shabani, ingawa si jina lake. Yeye ana Kifaransa na maneno ya kuvuta wateja, mimi nina mkono. Mama yake akanipa chumba cha uani. Tangu siku hiyo sikuwahi kula peke yangu. Homa ikinishika, ni yeye aliyenikorogea uji. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu watano, na aliowazaa ni wanne.

Nyumba yao ina chumba kinachotazama barabara. Tukakubaliana, mimi na Shabani, mama akiwepo, kwamba tutaweka kioo kikubwa pale na kufungua karakana yetu wawili. Fremu nilichonga mimi. Kioo tulikibeba wawili kutoka stendi, tunatembea kama watu waliobeba maiti, anatania, "Kaka, ukikivunja hiki, tunakuzika nacho." Halafu nikakaa Jumapili nzima nakata maandishi ya kioo chetu: jina lake, "na", jina langu. Sijawahi kukata herufi safi vile.

Kabla hatujazibandika, mama akaniambia, "Mwanangu, mama yako mzazi hujamuona muda gani? Nenda kamsalimie. Duka halikimbii." Akanifungia ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chupa ya mawese nimpelekee. Nilivuka ziwa nikimuombea dua njia nzima.

Nilikaa kwetu wiki mbili. Siku niliyorudi, kabla sijafika nyumbani, mwanamke anayeuza ndagala ng'ambo ya barabara akaniita, "We Mukongomani, amahoro! Umerudi sasa? Pilau ya watu imeshaisha!"

"Pilau gani?"

"Ya kufungua duka. Masheikh walikuja, mama Shabani alipika sufuria tatu. Karibu, mwenye duka asiye na duka!" Akacheka, na wenzake wakacheka.

Nikageuka kutazama kioo. Jina la Shabani lilikuwa pale, herufi zangu mwenyewe, nazijua kwa mikunjo yake. Baada yake hakukuwa na kitu. Ile "na" wameitoa, na jina langu wameliacha kwenye karatasi yake. Nililikuta limeviringishwa nyuma ya mlango, pamoja na ufagio.

Shabani hakunitazama usoni. "Ndugu yangu, usichukie. Wateja hawakujui weye. Utafanya kazi kama kawaida, nani amekufukuza?"

Nikafunga nguo zangu, nikahama chumba cha uani, nikarudi kwenye madumu ya mawese.

Sasa sikilizeni. Mwezi huu Shabani alipata kazi ya vioo vya famasi mpya, mwenye famasi ni mtu mkali. Akakata mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila mimi. Akazikata zilivyo, zimenyooka, akazibandika kwa ndani. Yeye ndani anazisoma vizuri, anafurahi. Aliye nje anaona mambo yamepinduka. Watu walisimama pale kucheka kama wanatazama mpira. Mwenye famasi kampa mpaka kesho saa sita, la sivyo anaita mafundi wa Bujumbura na kumtangaza mji mzima. Duka lenyewe halijamaliza hata miezi mitatu. Likichekwa hivi, limekufa.

Leo mchana mama amekuja sokoni, amenikuta nimekaa juu ya dumu. Hakuzunguka. "Mwanangu, usimlaumu Shabani. Mimi ndiye niliyemwambia alitoe jina lako. Na nilikutuma kwenu ili lisifanyike mbele ya macho yako."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mgeni ana kwao. Iko siku utaondoka, au utaoa, ndugu zako waje kudai chumba cha nyumba yangu."

"Mama, si ungeniuliza?"

Akasema, "Njoo umsaidie ndugu yako kesho," akaanza kulia, pale pale katikati ya wachukuzi. Hakusema kwamba jina langu litarudi.

Naweza kuifanya ile kazi. Asubuhi moja tu, maji ya sabuni na wembe. Nikienda, nitakuwa kibarua kwenye duka nililolichonga mimi. Nisipoenda, nitapita kila siku mbele ya nyumba iliyoniponya homa, duka lake limefungwa, na nitajua sababu ni mimi. Kuna mashua ya kwetu pia, inaondoka kesho hiyo hiyo.

Mngekuwa mimi mngekwenda wapi kesho? Niambieni ukweli hata kama ni mchungu. Ila kwenye maoni yenu, nawaomba, msimtukane yule mama. Mimi bado sijaweza.