Haki Yangu Ni Likizo

Kwetu delta, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Ni utani wa tangu na tangu, hakuna anayeuhoji. Basi mkwe wangu alipokuja Kiongoroni akamchukua mjukuu wangu, akampeleka kwake Dimani, huko bara, nami nilipanda boti hadi Nyamisati, nikaenda mahakamani Kibiti, nikamwambia karani, "Mwanangu, nimekuja kumdai mume wangu."

Karani akanionyesha benchi la wanawake wa talaka. Nikakaa, nikasikiliza maovu ya wanaume hadi adhuhuri. Nilipoitwa, hakimu, mama mmoja wa bara, akaniuliza mume wangu ana umri gani.

"Ana miaka sita, mheshimiwa. Bado namkosha miguu ndo alale."

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, kisha nikalia palepale. Binti yangu alifariki mtoto huyo hajaanza kutambaa. Nimemlea mimi, kwa uji na mchuzi wa samaki. Baba yake alikuwa akija Idi hadi Idi. Sasa kaoa, kajenga, ndipo kakumbuka kuwa ana damu yake kisiwani!

Hayo nilipanga kuyasema kwa ukali siku ya shauri. Lakini mkwe wangu alisimama akasema kwa adabu, "Mama, sikuja kukunyang'anya. Umenilelea. Ila naye anijue kama baba, si kama mgeni." Nikayameza maneno yangu makali, nikakaa. Ulimi ninao, lakini kweli ni kweli.

Hakimu akatueleza kwamba baba ana haki yake, na bibi aliyelea naye ana haki ya kuomba, ila kinachotazamwa kwanza ni masilahi ya mtoto. Akaamua mtoto akae kwa baba, asome, na kila likizo aje kwangu. Nje watu wakanipa mkono, wakasema nimeshinda. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa mjukuu hawakuutaja.

Nilirudi Kiongoroni na ushindi wangu. Nikawa napika wali wa watu wawili. Nikisikia watoto wanapiga mbizi, natoka nje kuwakemea, halafu nakumbuka kuwa wangu hayumo. Nilimkumbuka sana, na sioni aibu kusema.

Shule zilipofungwa nilimfuata Nyamisati. Alinirukia shingoni mbele ya watu, na kwenye boti akanisimulia njia nzima: mwalimu wake, baiskeli ya baba, mama wa kule anayemsuuzia shati. Nilimchomea samaki, akala akashiba, akalala mkono wake begani kwangu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amerudi.

Asubuhi nilimkuta kakaa kizingitini, kashavaa viatu.

"Bibi," akaniuliza, "nyumbani tunarudi lini?"

Nikakaa kando yake.

"Shule zikifunguliwa, baba."